Huenda Ina Kilo Ngapi?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Wete, Ijumaa baada ya laasiri, mbele ya familia zinazojitayarisha kwenda Bara kwa magari ya kulala. Mvua iliwazuia wengi kufika, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, vijana, na nyinyi watoto mliokaa mbele kwa ajili ya kashata zaidi kuliko kwa ajili yangu: ahsanteni kwa kuniita. Mmeniita kwa sababu nilikaa Portsmouth, Uingereza, miaka kumi na tisa, na kumi na miwili katika hiyo nilikuwa fundi kwenye gereji ya magari ya kulala. Kwa asiyejua, yako ya aina mbili. Kuna karavani, chumba chenye magurudumu kisicho na injini, kinachokokotwa nyuma ya gari. Na kuna gari-nyumba, ambalo injini na kitanda vimo katika kiwiliwili kimoja, kama hiyo Coaster mliyoing'oa viti na hizo Hiace mbili zilizosimama nje.

Nimezizunguka kabla sijaingia. Mashaallah, kazi nzuri. Kisha nikaiona mizigo iliyopangwa barazani ikisubiri kupakiwa. Nikajisemea moyoni: leo pana kazi.

Nikuulizeni swali, na nnataka jibu. Mnajuaje kuwa gari limejaa?

(Kijana mmoja nyuma akajibu: "Mlango usipofunga!")

Ahsante, yakhe. Mlango usipofunga. Hivyo ndivyo anavyojua mtu wa Wete, na ndivyo anavyojua mtu wa Portsmouth. Na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu gari hujaa mara mbili. Hujaa nafasi, na hujaa uzito. Nafasi utaiona kwa macho. Uzito huuoni. Na gari la kulala ni mjanja kuliko gari jengine lolote: lina kabati juu ya kichwa, kabati chini ya kitanda, kabati chini ya kiti, droo ndani ya ngazi. Kila ukifungua unakuta bado pana pahala. Linakuambia, "Tia." Nawe unatia. Uzito wake umekwisha tokea jana, na makabati bado yanakuambia tia.

Sisi wa kisiwa hiki, jamani, uzito tunaujua. Hakuna aliyekaa hapa asiyejua usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipokuwa ikitoka Unguja kuja kwetu ikazama mkondo wa Nungwi, imebeba watu na mizigo kupita kiasi chake. Mwenyezi Mungu awarehemu wetu. Sitalirefusha, wenye majeraha wamo humu ndani. Nimelitaja kwa jambo moja tu. Nafasi watu waliipata. Kilichokwisha si nafasi.

Sasa nikupeni aibu yangu mwenyewe, maana mganga hajigangi.

Mwaka mmoja mimi, mama watoto na watoto wetu wawili wakubwa tulikata shauri kwenda Uskochi, wiki mbili, kwa gari-nyumba letu. Gari kama lile lina kibati kidogo cha chuma, aghlabu karibu na mlango au chini ya boneti, na kibati kile kina mistari minne ya namba. Wa kwanza ni uzito wa mwisho wa gari pamoja na kila kilichomo. Wa pili ni uzito wa gari pamoja na chochote linachokokota. Wa tatu ni mzigo wa mwisho wa ekseli ya mbele, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu ya mbele, wa nne ni wa ekseli ya nyuma. Langu mstari wa kwanza ulisema 3,500. Na kule 3,500 si namba ya kuchezea, kwa sababu aliyefaulu mtihani wa udereva wa gari ndogo tokea mwaka 1997 leseni yake inaishia hapo hapo.

Mimi fundi. Kibati kile nilikuwa nikiwasomea wateja kila siku. Langu sikulisoma.

Tupigeni hesabu ambayo nilipaswa kuipiga. Gari tupu, tangi la mafuta limejaa: kilo 3,020. Zimebaki 480. Mnaona nyingi, sivyo? Haya, watu wanne, kwa pamoja kilo 290. Zimebaki 190. Tangi la maji lita 100, na lita ya maji ni kilo moja, haijapata kuwa pungufu: zimebaki 90. Mitungi ya gesi na chuma chake, 40: zimebaki 50. Turubai la ubavuni la kukalia kivulini (kivuli, Uskochi!), 28.

Zimebaki kilo 22. Kwa watu wanne. Kwa wiki mbili.

Na sisi tulipakia nini? Mchele gunia la kilo 25. Umekwishazipita 22, na bado hatujatia hata soksi. Tukatia baiskeli mbili. Tukatia meza na viti. Tukatia jenereta. Tukatia makopo ya maharage kana kwamba Uskochi hakuna maduka. Tukatia masanduku manne ya nguo. Tukatia kinu na mchi, naam, kinu na mchi, kwa sababu mama watoto alisema pilipili ya kusaga kwa mashine haina harufu. Na mlango ukafunga! Ukafunga vizuri kabisa, tak.

Tulikwenda na barabara kuu mpaka karibu na Carlisle, kabla ya mpaka wa Uskochi. Hapo tukasimamishwa, tukaongozwa kwenye mizani. Kilo 3,790. Tumezidi kilo 290. Yule askari, mtu mpole sana, akasoma kibati, akanitazama, akaniuliza nafanya kazi gani. Ndugu zangu, nilitamani niseme mimi mpishi.

Sheria yake nyepesi: faini, na gari haliondoki mpaka lipungue. Tukamwaga maji yote, kilo 100 zikenda zake mtaroni. Bado 190. Ikabidi nimpigie simu rafiki yangu aliyeko Manchester aje na gari yake. Tukakaa pembezoni mwa barabara muda wa saa tatu, mimi nimeukalia mchele, mama watoto amekikalia kinu, hatusemezani. Rafiki akafika, akacheka mpaka akakaa chini, akapakia, akaondoka na mali yetu.

Mnajua nini kilichoniuma zaidi? Wiki mbili nzima hatukukikumbuka hata kimoja katika vile alivyovichukua. Nasema uongo, binti yangu aliukumbuka mto wake siku mbili za mwanzo.

Turudi Wete. Hiyo Coaster ilitengenezwa ichukue watu 29. Watu 29 wa kilo 65 ni kama kilo 1,900, na hapo ndipo mnaponiambia, "Sasa tutakuwa watu saba tu, tuna nafasi ya kumwaga." Ngojeni. Mmetoa viti, mmetia nini? Vitanda vya mbao, makabati, magodoro, tangi la maji, friji, betri mbili, sinki. Nimemuuliza seremala: mbao ulizotumia zina kilo ngapi? Akacheka. Mimi sikucheka. Kama hujui kilo za mbao, hujui kilo zilizobaki kwa ajili ya watu. Dawa yake ni moja: gari lipelekwe likiwa tupu kwenye mizani ya malori, lipimwe, namba iandikwe ndani ya mlango kwa kalamu isiyofutika. Kisha someni kibati. Kibati kikiwa kimeliwa na kutu, tafuteni kitabu cha gari. Mtakachokipata katikati ya namba mbili hizo ndicho chenu. Msikipate kwa macho.

Na Bara mizani mtaikuta. Magari ya kuanzia tani 3.5 hupimwa njiani. Mkitoka Tanga mkapita Segera na Chalinze mnaelekea Morogoro, pana mizani ya Mikese. Coaster yenu ikiwa imejaa haikwepi. Mimi sitaki mmoja wenu aje akalie kinu chake Mikese.

Haya. Tumejua kilo ni chache. Kwa nini basi tunabeba nyingi?

Niliporudi kutoka Uskochi nilikaa na mama watoto tukaviandika vile vitu vyote, na mbele ya kila kimoja tukaandika sababu tuliyokichukulia. Jenereta: huenda umeme ukakatika. Kambi zote tulizolala zilikuwa na umeme. Makopo: huenda maduka yakafungwa. Nguo za harusi, maana tulichukua nguo za harusi: huenda tukaalikwa. Na nani? Na kondoo? Sinia kubwa na vikombe kumi na viwili: huenda wakaja wageni. Huenda, huenda, huenda. Karatasi nzima imejaa huenda. Nikamwambia, Bi Mkubwa, katika gari lile tulibeba nguo, tukabeba chakula, na tukabeba huenda, na huenda ndiyo iliyokuwa nzito kuliko vyote.

Hebu jiulizeni: hiyo huenda yenu ina kilo ngapi?

Sisemi msibebe tahadhari. Ziko huenda ambazo ikitokea na huna, umekwisha. Huenda tairi ikapasuka usiku katikati ya pori: tairi ya akiba, jeki na spana vimo. Huenda jiko likashika moto: kizimamoto kimo, tena karibu na mlango, kisiwe nyuma ya magunia. Huenda mzee akapandwa na sukari: dawa zimo, miwani ya pili imo. Pembetatu za barabarani zimo. Hizo sizigusi. Nilimjua mtu, fundi mwenzangu, aliyeiteremsha tairi ya akiba apate pahala pa kutia jiko kubwa la kuchomea nyama. Akapasukiwa siku ya pili. Nyama ilichomwa, kwa kweli, lakini ilichomwa kando ya barabara huku wakimngoja wa kuwakokota.

Lakini huenda nyengine, muulizeni hivi: ikitokea na sinacho, nitapungukiwa nini? Ukiona jawabu ni shilingi elfu tano na dakika kumi sokoni, iache nyumbani. Na ukiona jawabu ni aibu, hapo ndugu zangu tuna kazi, kwa sababu sisi watu wa Pemba aibu tunaiogopa kuliko njaa. Mgeni akija akakuta vikombe havilingani! Mgeni akija akakuta hakuna sinia! Mnakwenda kulala kwenye gari Iringa. Mgeni gani atakuja saa tatu ya usiku kuhesabu vikombe? Na akija, mpeni chai kwenye kikombe chako, wewe kunywa kwenye kifuniko cha chupa. Atakusifu mpaka kufa kwake.

Babu zetu hawakuwa na kibati, na jambo hili walilijua vyema. Mjomba wangu alikuwa mtu wa Kojani. Nani hapa wa Kojani? Nyoosheni mikono, msione haya. Basi mnalijua dago. Wavuvi wanaondoka na chombo, wanafuata samaki na pepo, wanakwenda kupiga kambi pwani za watu wiki kadhaa au miezi, wanalala huko, wanapika huko. Mnaniambia gari la kulala ni jambo geni? Watu wa Kojani wamelala safarini tokea kabla hajazaliwa aliyebuni karavani.

Mwaka nilioruhusiwa kwenda nao nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama akanifungia mzigo. Mito miwili, nguo za Idi, chano, taa mbili, sufuria yenye mfuniko. Nikafika pwani, mjomba akautazama mzigo, hakusema neno. Akautia kwenye mashua. Kisha akaniambia, "Njoo huku utazame." Akanionyesha ubavuni. Alikuwa na ubao wake, ubao wa tatu kutoka juu, na kawaida yake ilikuwa hivi: maji yakiugusa ubao ule kabla hatujang'oa nanga, mtu anashuka au mzigo unashuka. Maji yalikuwa yameugusa. Akaniuliza, "Ushuke wewe au ishuke mito?"

Mito ikashuka. Nguo za Idi zikashuka. Taa moja ikashuka kwa sababu taa ilikwishakuwamo. Hiyo ndiyo kawaida nyengine ya dago: kitu cha kutumiwa na wote hakiji mara mbili. Sufuria moja, kisu kimoja, jiwe moja la kunolea. Nyinyi mnakwenda magari matatu, familia sita. Nimehesabu pale barazani: majiko ya gesi sita, hotipoti kumi na moja, pasi tano. Pasi tano! Mnakwenda kupiga pasi nini? Mtungi mkubwa wa gesi unaitwa wa kilo 15, na hizo 15 ni za gesi peke yake, chuma hakijahesabiwa. Kaeni usiku huu, familia sita, mkubaliane nani anachukua jiko na nani anachukua sufuria. Hiyo peke yake itapunguza mzigo kuliko maneno yangu yote ya leo.

Kuna kisa chengine, cha Unguja, nacho nakipenda kwa sababu fundi ndiye aliyeshinda. Mwaka 1874 Stanley, yule Mzungu wa safari, alileta Zanzibar mashua iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande, jina lake Lady Alice. Ilikusudiwa ibebwe na wapagazi kutoka pwani mpaka maziwa ya ndani. Simtaji kwa kumsifu, waliobeba ndio wa kusifiwa. Vipande vile vilipofika vikapimwa, vikaonekana ni vizito kupita nguvu za watu. Kule vilikotengenezwa walipima kwa karatasi, huku vinangojwa na mabega. Ikabidi atafutwe fundi hapa Zanzibar avikate na kuvipunguza. Vikabebeka. Na mashua ile ikafika Nyanza, ikafika Tanganyika, ikateremka na mto wa Kongo.

Na hebu itazameni misafara yenyewe ya zama zile. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, na frasila ni ratili 35, kwa hiyo kilo thelathini na kitu. Wakibeba nini? Vitambaa vya merikani, shanga, masango ya waya. Chakula cha njia nzima hawakukibeba. Wangekibeba vipi? Walibeba cha kununulia chakula. Wakifika kijijini wanatoa kitambaa wanapata unga, ndiyo posho. Mtu wa msafara wa miguu aliifahamu hesabu hii, na mimi mwenye gari na injini na simu nilibeba maharage ya kopo mpaka Carlisle.

Kwa hivyo nnakuulizeni: gunia la vitunguu lililopo pale barazani linakwenda wapi? Linakwenda Iringa. Mnajua njia ya Iringa inapita wapi? Inapita Ruaha Mbuyuni, vitunguu vinatandazwa kando ya lami kama karafuu zinavyotandazwa hapa kwetu. Ukitoka hapo ukapanda mlima, unafika Ilula, nyanya. Na mchele! Mnabeba mchele kutoka Pemba kuupeleka Mbeya! Huo ni sawa na mtu wa Mbeya aje Wete na pakacha la nazi. Chukueni chakula cha siku mbili, cha melini na cha mpaka Morogoro. Kilichobaki kiwe pesa kwenye simu. Pesa kwenye simu hazina kilo.

Halua ichukueni, ya zawadi, halua ya Wete haina mfano Bara. Karafuu msichukue, na sababu yake mnaijua nyinyi wenyewe, sitaki kuitwa kushuhudia. Mifuko ya plastiki nayo iacheni. Bara imepigwa marufuku tokea tarehe 1 Juni 2019, na sisi tulikuwa tumewatangulia zamani. Fungieni vitu vyenu kwenye vikapu vya ukili. Sanduku gumu lina kilo nne halijatiwa kitu, na halijipindi likaingia pembeni. Kikapu kinajipinda.

Maji nayo. Mmetia tangi la lita 200 kwenye Coaster, na seremala ameniambia mnataka kuondoka limejaa. Kilo 200! Hao ni watu watatu wazima mnaowapakia bure, hawalipi nauli na hawasukumi gari likikwama. Mnakwenda jangwani? Njia ya Tanga mpaka Mbeya ina misikiti, na penye msikiti pana mfereji. Simameni msali, mjaze dumu, mtie kitu kwenye sanduku la msikiti. Maji ya kunywa ya siku moja na dumu moja la lita 20 la akiba yanatosha mkiwa mwendoni. Tangi lijazeni mkishafika pa kulala. Na maji machafu ya sinki myamwage pahala pake kabla ya kuondoka, kwa sababu nayo ni maji, yana kilo zile zile.

Sasa kupanga, na hapa naomba wenye kushika usukani wanisikilize zaidi.

Wazee walisema, ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Wao walikuwa na maana yao. Mimi leo naichukua kama ilivyo kwenye chombo: mzigo mzito kazi yake ngamani, chini na katikati. Gari ni hivyo hivyo. Makopo, betri, maji, sanduku la spana, yakae sakafuni baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kabati za juu ni za mikate, majani ya chai na kanga. Mkitia kinu kwenye kabati ya juu, siku mtakayofunga breki za ghafla kitashuka kuja kukusalimuni.

Na nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu ya nyuma, msiningʼinize vitu vizito. Nimeona mmetia chuma cha kubebea pikipiki nyuma ya Hiace. Mtu mmoja akenda kukaa tezini kwenye dau, omo linafanya nini? Linainuka. Kwenye dau si kitu, kwa sababu usukani wa dau uko tezi. Lakini gari usukani wake uko omo! Ukiinua omo la gari umeuinua usukani. Dereva anakata kulia, gari linafikiri kwanza. Na pikipiki ile ya kilo 100 inailemea ekseli ya nyuma kwa zaidi ya 100, maana inainyanyua na ya mbele pia. Ndiyo sababu kibati kina mistari minne. Unaweza ukawa salama mstari wa kwanza ukaangamia mstari wa nne.

Karavani ya kukokota ni mbaya zaidi katika hili. Inatakiwa ilalie ndoano ya gari kwa sehemu tano mpaka saba katika mia ya uzito wake. Karavani ya kilo 1,400 pua yake iwe na kilo 70 hadi 98. Ukijaza nyuma, pua inakuwa nyepesi, na karavani inaanza kucheza mkia. Tulikuwa na mteja, mwalimu mstaafu, alitia turubai na baiskeli zote nyuma kabisa, akashika barabara ya M5 kwenda kusini, mteremko. Mkia ukaanza kucheza. Dawa ya pale ni kuondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usukani umenyooka, uiache itulie. Yeye akakanyaga breki na kuanza kuupigania usukani. Alitoka mzima, alhamdulillahi. Karavani ilikuja gereji kwetu juu ya lori, na mimi nikaambiwa niangalie kama kuna kinachofaa. Nilipata mlango na sinki.

Hapa kwetu M5 haiko, lakini Kitonga iko. Wanaokwenda Iringa wanaijua: kona juu ya kona, ukuta upande mmoja, bonde upande wa pili. Kwenda mtaupanda, mtaona injini inalia, mtasema tumeshinda. Ngojeni kurudi. Kurudi ndiko kushuka. Gari zito likishuka kwa breki peke yake, breki zinapata moto, na breki zikishapata moto zinalegea, unakanyaga na gari linakwenda. Shukeni na gia ndogo, ile ile ambayo ungepandia, tokea juu kabisa, msingoje katikati ya mlima. Kila kilo mliyoiacha Wete mtaishukuru Kitonga. Na matairi yatazameni upepo asubuhi yakiwa baridi, mzigo ukiwa umeshaingia. Tairi yenye upepo mchache chini ya gari zito inachemka, na ikichemka inapasuka.

Nguo nazipitia upesi, maana naona mama zangu wamekunja uso. Siku nne, kisha mnafua. Kanga inakauka kabla chai haijachemka, ni shuka, ni pazia, ni taulo, ni mbeleko. Wanaume, vikoi viwili. Ila kuna kitu kimoja mtakachokisahau nyote, kwa sababu hapa hakipo kabatini mwa mtu: sweta. Mnakwenda mwezi wa Juni. Makambako na Njombe mwezi wa Juni ni baridi ya kung'ata masikio, si upepo wa kusi huu mnaouita baridi hapa. Nunueni mitumba, moja kwa kila mtu, na soksi kwa watoto.

Na mtakaporudi, inshaallah salama, msivirudishe vitu makabatini siku ile ile. Vitoeni vyote sebuleni. Vilivyotumika weka huku, ambavyo havikuguswa weka kule. Sisi tuliporudi kutoka Uskochi, baada ya yule rafiki kuchukua zile kilo 190, bado tulikuwa na vitu arubaini na kimoja ambavyo hatukuvigusa. Safari ya pili tulikwenda nusu ya mzigo, na mama watoto alilalamika mpaka Bristol tu.

Kwa hivyo kesho, baada ya sala ya asubuhi, nimeazima mizani ya magunia, ile ile mnayoijua ya msimu wa karafuu. Itakuwa hapo barazani. Kila familia ilete mizigo yake yote, ipande mmoja mmoja, nami nitakuwa na daftari. Watu nao watapanda, mama zangu msiogope, namba zenu sitazisoma kwa sauti. Coaster kwanza, kisha Hiace mbili. Pikipiki ije, nataka kuipima mbele ya mwenyewe. Pasi nne zisije kabisa.

Tayari mmoja amekwishapimwa. Mama watoto anafuatana nanyi, mimi nabaki na kuku. Jana usiku amekubali kukiacha kinu, bila ya ugomvi, nikashangaa. Kisha akaleta mbuzi ya nazi, akaiweka kwenye mizani mwenyewe, akanitazama. Kilo mbili na robo. Nimeiandika: imo.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Watoto, kashata ziko kwa bibi pale mlangoni.